Sura ya Nne: Kaskazi, Kusi na Mwaka 1498

Mtu aliyemaliza kidato cha nne miaka ishirini iliyopita, ukimuuliza Vasco da Gama alifika lini pwani ya Afrika Mashariki, atakujibu 1498 kabla hujamaliza swali. Ukimuuliza kwa nini mchana upepo wa pwani hutoka baharini na usiku hutoka nchi kavu, atakumbuka mchoro wenye mishale miwili ubaoni. Majibu yote mawili bado yamo kichwani mwake. Tatizo ni kwamba moja liliandikwa kwenye daftari la historia na jingine kwenye daftari la jiografia, kipindi kimoja kabla ya mapumziko na kingine baada yake, na muhtasari wa masomo haukumpa mwalimu yeyote nafasi ya kuyakutanisha.

Katika sura hii nayakutanisha, kwa sababu naamini hivyo ndivyo mtu mzima anavyopaswa kudurusu masomo ya shule. Kukariri upya orodha za tarehe na kanuni ni kazi ya kuchosha, na baada ya miezi michache yote husahaulika tena. Sababu ndiyo hudumu. Ukielewa kwa nini maji huchelewa kupata moto, utaelewa kwa nini Kilwa ilitajirika, na kwa nini Vasco da Gama alipoteza mabaharia wengi vile akirudi kutoka India. Ukishaelewa hayo, hutahitaji kuzikariri tarehe.

Mchanga na maji

Anza na jaribio la uani. Chukua mabakuli mawili yanayofanana. Moja litie mchanga mkavu, jingine maji ya uzito uleule. Yaweke juani saa nne asubuhi, uyarudie saa saba mchana. Mchanga wa juu utakuunguza kidole. Maji yatakuwa vuguvugu tu. Sasa chimbua mchanga kidogo: sentimita chache chini, joto limepungua waziwazi. Koroga maji: hali ni karibu ileile juu na chini. Jua likizama, gusa tena. Mchanga utakuwa umeshapoa wakati maji bado yana uvuguvugu.

Ndani ya mabakuli hayo mna mambo mawili tuliyosoma sekondari. La kwanza ni kiasi cha joto ambacho kila kitu hudai ili kipande kwa nyuzijoto moja. Kilo moja ya maji hudai jouli zipatazo 4,200. Kilo moja ya mchanga mkavu hudai kama 800 tu. Jua ni lilelile, lakini maji yanahitaji zaidi ya mara tano. La pili ni kina. Mwanga wa jua hupenya baharini mita nyingi, na mawimbi huyachanganya maji ya juu na ya chini, kwa hiyo joto hugawanywa katika tabaka nene. Nchi kavu hulipokea lote kwenye ngozi yake ya juu.

Kutokana na hayo mawili, mchana nchi kavu huwa na joto kuliko bahari. Hewa iliyo juu yake hupata moto, hutanuka, huwa nyepesi na kupaa. Kanieneo ya hewa juu ya nchi hushuka, na hewa nzito ya baharini huingia kujaza nafasi. Huo ndio upepo wa alasiri unaowapoza wakazi wa Tanga na Mombasa. Usiku mambo hugeuka, nchi hupoa haraka, na kabla ya alfajiri hewa hutiririka kuelekea baharini. Wavuvi wa mashua za tanga hutoka na upepo huo wa nchi kavu alfajiri na kurudi na upepo wa bahari mchana. Hawahitaji mchoro wa mishale, ingawa mchoro ule uliwahusu wao kuliko mtu mwingine yeyote.

Hapo ndipo somo la darasani lilipokomea. Lakini jaribio la mabakuli linaweza kupanuliwa kwa kiwango kikubwa sana. Badala ya bakuli la mchanga, weka bara la Asia. Badala ya bakuli la maji, weka Bahari ya Hindi. Na badala ya mchana na usiku, weka kiangazi na kipupwe cha nusu ya kaskazini ya dunia.

Kwanza tuondoe kosa moja ambalo watu wengi huzeeka nalo. Majira hayaletwi na umbali wetu kutoka kwenye jua. Dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, umbali wa kilomita milioni 147 hivi, na mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, kilomita milioni 152 hivi. Mkazi wa Dar es Salaam anaweza kudanganyika, maana Januari yake kweli ni ya joto kali. Lakini Januari hiyohiyo watu wa London wanavaa makoti mazito, na dunia yao ni hiihii. Kinacholeta majira ni mwinamo wa mhimili wa dunia, digrii 23.5 hivi. Mwezi Juni nusu ya kaskazini imeelekea jua: miale inaiangukia karibu wima na mchana wake ni mrefu. Desemba ni zamu ya nusu ya kusini.

Basi ifikapo Juni, bara la Asia, kuanzia nyanda za Pakistani na kaskazini mwa India hadi uwanda wa juu wa Tibet, linachemka. Hewa yake inapaa, na nafasi inajazwa na hewa inayovutwa kutoka mbali, hata kutoka kusini mwa Ikweta. Kwa kuwa dunia inazunguka, hewa hiyo haisafiri kwa mstari mnyoofu. Kusini mwa Ikweta hupindishwa kushoto, kaskazini mwake hupindishwa kulia. Ndiyo maana upepo unaotuvumia sisi kutoka kusini-mashariki, ukishavuka Ikweta, hukunja kona na kuelekea kaskazini-mashariki, hadi India. Huo ni kusi, unaovuma takriban Aprili hadi Septemba. Kuanzia Novemba au Desemba, Asia imepoa kuliko bahari, hewa nzito inateremka kutoka huko, na upepo wa kaskazi unaletwa kwetu hadi Machi. Katikati ya majira hayo mawili kuna vipindi vya upepo usioeleweka, mabaharia wanaviita maleleji, na takriban majira hayohayo ndipo zinapokuja mvua zetu, masika na vuli.

Kumbuka hicho kipindi cha maleleji. Kina kazi mbele.

Miezi ya kungoja

Nahodha aliyetegemea pepo hizi alihitaji kalenda, na kalenda ya Kiislamu haikumfaa kwa kazi hiyo. Mwaka wa mwezi una siku kama 354, pungufu ya siku 11 kwa mwaka wa jua. Ndiyo maana Ramadhani huzunguka majira yote kwa kipindi cha miaka 33 hivi. Ukisema jahazi litatoka kila mwezi wa Rajabu, baada ya miaka michache utaliingiza katikati ya dhoruba. Kwa hiyo mabaharia wa Bahari ya Hindi walitumia pia mwaka wa jua wa siku 365, unaoanzia siku ya Nairuzi, na watu wa pwani waliuhesabu kwa miongo, kumi kumi za siku. Sherehe ya Mwaka Kogwa ya Makunduchi, kusini mwa Unguja, inayofanyika kila Julai, inatokana na hesabu hiyo. Wengi huiona kama ngoma na vita vya migomba tu. Mimi naiona pia kama elimu ya anga iliyohifadhiwa na wakulima na mabaharia bila darasa wala cheti, na inasikitisha kwamba haitajwi tunapofundisha mwendo wa dunia kulizunguka jua.

Sasa chukua ramani uangalie Kilwa Kisiwani. Kiko karibu digrii 9 kusini mwa Ikweta. Kusini zaidi, kupita Rasi Delgado, kaskazi hupungua nguvu na haiaminiki tena. Mfanyabiashara aliyetoka Uarabuni au India Desemba au Januari aliweza kufika Kilwa, kuuza na kununua, na kurudi na kusi ndani ya mwaka uleule. Angetaka kwenda Sofala, ambako dhahabu ya nyanda za Zimbabwe ilifikishwa pwani, angejikuta amekwama huko na kupoteza mwaka. Wafanyabiashara wa Kilwa walilijua hilo vizuri. Walikwenda wao Sofala kwa vyombo vyao, wakaileta dhahabu na pembe za ndovu hadi bandarini kwao, wakatoza ushuru. Kijiografia walikaa mahali ambapo upepo wa wageni unakomea, na wakapafanya kuwa soko.

Msafiri na mwandishi Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu kuwa miongoni mwa miji mizuri aliyoiona. Sultani wakati huo alikuwa al-Hasan ibn Sulaiman, anayehusishwa na kasri la Husuni Kubwa, lililojengwa kwa mawe ya matumbawe juu ya mwamba unaotazama bahari. Ukienda leo utaliona birika lake la kuogea lenye pembe nane, na kumbi zilizokuwa za kuhifadhia bidhaa. Sarafu ya sultani huyo imewahi kupatikana Great Zimbabwe, mamia ya kilomita kutoka baharini. Na Ibn Battuta mwenyewe alisafiri kama msafiri yeyote wa bahari hii alivyolazimika kusafiri: aliteremka pwani na kaskazi, akatoka Kilwa na kusi kwenda Dhofar, Uarabuni. Ukiujua upepo, unaweza kukisia njia ya safari yake kabla hujafungua kitabu chake.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya shule hulipita haraka, nami nataka tulikalie kidogo. Kusi ikishika nguvu, Juni na Julai, bahari huwa mbaya na vyombo vingi havikuthubutu kutoka. Aliyechelewa kuondoka Aprili au Mei alisubiri hadi Agosti au Septemba. Kwa maneno mengine, mgeni alikaa. Alipanga nyumba, alikopesha na kukopa, aliswali msikiti mmoja na wenyeji, wengine walioa na kuacha watoto. Miji hii ilikuwa ya watu wa pwani wenyewe, Waafrika wenye lugha ya Kibantu, wavuvi na wakulima kabla ya kuwa mahodari wa biashara ya mbali. Lakini miezi ya kungoja upepo iliwalazimisha watu wa pande mbili kuishi pamoja kila mwaka kwa zaidi ya miaka elfu. Ninaposoma majibu ya mitihani yanayosema utamaduni wa Waswahili uliletwa na biashara, naona kiungo kimekosekana. Wafanyabiashara hupita katika bandari nyingi duniani bila kuacha alama kubwa. Hapa walizuiwa kuondoka.

Wala mambo haya hayakuishia zama za kale. Mwaka 1938 na 1939 Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, alisafiri na jahazi la Wakuwaiti lililoteremka hadi Unguja na kuingia delta ya Rufiji kupakia boriti za mikoko, ambazo huko Ghuba zilitumika kuezekea nyumba. Waliteremka na kaskazi, wakarudi na kusi.

Machungwa ya Mombasa

Vasco da Gama, nahodha Mreno, alitoka Lisbon tarehe 8 Julai 1497 na meli 4 na watu kama 170. Mwanzoni mwa 1498, walipotia nanga kwenye mto mmoja wa Msumbiji, wengi wakaanza kuugua: mikono na miguu ikavimba, fizi zikaota na kufunika meno hata wakashindwa kula. Mwandishi wa daftari la safari hakulijua jina la ugonjwa. Sisi tunalijua tangu shule ya msingi: ni kiseyeye, kinacholetwa na ukosefu wa vitamini C.

Hapa daftari la tatu linaingia, la biolojia. Vitamini C inahitajika katika kutengeneza kolajeni, nyuzi zinazoshikilia ngozi, mishipa ya damu na fizi. Wanyama wengi huitengeneza wenyewe mwilini. Binadamu hatuwezi, lazima tuile. Akiba yetu huisha ndani ya miezi michache tu. Meli ya wakati ule ilibeba biskuti kavu, nyama ya chumvi na divai, na katika hivyo vyote vitamini C haimo. Baharini siku 20 si kitu. Siku 90 ni kifo.

Tarehe 7 Aprili 1498 walifika Mombasa. Mtawala wa mji aliwapelekea kondoo, machungwa, ndimu na miwa kwa wingi. Uhusiano wao uliharibika siku chache baadaye, lakini wagonjwa walikuwa wamepona. Mwandishi wa safari akashukuru na kusema hewa ya Mombasa ni nzuri sana. Naipenda sehemu hii kuliko zote katika habari za safari ile, kwa sababu dawa walikuwa nayo mkononi, wameimenya na kuila, na sifa akapewa upepo. Ilichukua karibu miaka 250 hadi daktari wa meli ya Uingereza, James Lind, alipowagawa mabaharia 12 wagonjwa wawili wawili mwaka 1747, akawapa kila jozi tiba tofauti, na waliokula machungwa na malimau wakapona haraka kuliko wengine. Hata hivyo jeshi la majini la Uingereza lilisubiri hadi 1795 kuyafanya maji ya limau kuwa posho ya kawaida.

Malindi walipokelewa vizuri na kupewa rubani. Waliondoka tarehe 24 Aprili, kusi ikiwa ndiyo kwanza imeanza, na tarehe 20 Mei walikuwa pwani ya Calicut, India. Hawakumaliza hata mwezi. Vitabu vingi vya shule vinasema rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa bahari wa Kiarabu. Ikiwa na wewe ulifundishwa hivyo, weka alama ya kuuliza pembeni. Simulizi hiyo inatokana na mwandishi wa Makka aliyeandika miongo kadhaa baadaye, ilhali Wareno wenyewe walimtaja Mwislamu wa Gujarati kwa jina jingine, na watafiti wengi wa maandishi ya Ibn Majid hawaikubali. Kudurusu historia ni pamoja na kuuliza nani alisema, na alikuwa wapi wakati huo.

Kisha ikaja safari ya kurudi. Da Gama alikuwa amekosana na mtawala wa Calicut, akaondoka mwisho wa Agosti bila kungoja. Tarehe 5 Oktoba aliiacha pwani ya India. Tazama kalenda: kusi imekwisha, kaskazi haijaanza. Aliingia moja kwa moja kwenye maleleji. Siku moja upepo wa mbele, siku nyingine hakuna upepo kabisa, na meli zikielea tu juu ya maji tulivu. Njia iliyomchukua pungufu ya mwezi wakati wa kwenda ikamchukua karibu miezi mitatu kurudi, na pwani ya Somalia waliiona tarehe 2 Januari 1499. Kiseyeye kilirudi. Watu 30 hivi walikufa katika kuvuka huko, na kila meli ikabaki na mabaharia 7 au 8 wenye nguvu za kufanya kazi. Malindi waliomba machungwa, wakapewa. Kwa wengi ilikuwa wamechelewa. Kusini zaidi, karibu na Mtangata, upande wa Tanga, waliichoma moto meli yao São Rafael kwa kuwa watu wa kuiendesha hawakutosha tena.

Angengoja Calicut hadi Desemba kama alivyofanya kila nahodha wa Gujarati, wengi kati ya wale thelathini wangeweza kuiona Lisbon tena. Waliuawa na bakuli la mchanga na bakuli la maji, pamoja na kukosa tunda.

Wareno walijifunza. Miaka iliyofuata meli zao zilitoka Lisbon Machi au Aprili ili ziikute kusi kwenye bahari yetu, na zikaondoka India Desemba au Januari na kaskazi. Walipoanza kujenga Fort Jesus pale Mombasa mwaka 1593, ratiba hiyo ndiyo iliyoilisha ngome, na ndiyo iliyokuja kuidhoofisha. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696, yaani kaskazi ikiwa mwishoni. Makao makuu ya Wareno yalikuwa Goa, India, na msaada wa Goa ulihitaji kaskazi ili ufike. Ulitia nanga Mombasa mwishoni mwa Desemba, miezi tisa baada ya ngome kuzingirwa. Wakati huo njaa na maradhi vilikuwa vimeua wengi ndani ya kuta kuliko mizinga.

Hata baada ya msaada huo Waomani waliendelea kuizingira ngome, hadi ikaangushwa tarehe 13 Desemba 1698. Siku chache baadaye zikaja meli nyingine za kuokoa, zimeletwa na kaskazi ya kwanza ya msimu, zikakuta bendera ya Oman inapepea juu ya ngome. Kugeuka na kurudi Goa hakukuwezekana, maana upepo uleule uliowaleta ungekuwa usoni mwao hadi Aprili. Ilibaki njia moja, kuteremka kusini kuelekea Msumbiji na kungoja huko hadi kusi ianze.